Sura ya Saba: Umeme Ukikatika, Risasi Huliwa

Malori yanayopanga foleni Tunduma yakitokea Kongo kupitia Zambia hubeba shehena ambayo wakazi wa mpakani huitambua bila kuuliza: mabamba mekundu ya shaba, yamepangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, kila bamba likikaribia urefu wa mita moja. Hizo ni kathodi. Zinateremka hadi bandari ya Dar es Salaam, zinapanda meli, na huko ziendako zinageuka waya, mota na transfoma. Bei yake hutangazwa London kila siku ya kazi. Lakini kila kathodi iliyopita Tunduma ilizaliwa ikitazamana na bamba jingine, la rangi ya kahawia iliyokolea, ambalo halisafiri popote. Limebaki Kolwezi, Likasi au Fungurume, limezama kwenye asidi, linangoja shaba nyingine. Hilo ni anodi, na limetengenezwa kwa risasi. Sura hii ni ya hilo lililobaki nyuma: linaishi muda gani, na nini hulikatia maisha kabla ya wakati wake.

Nitasema mapema ninachokiamini, kisha nikitetee. Watu wengi hudhani elektrodi ya kiwandani huchakaa kwa kazi, kama soli ya kiatu: kadiri unavyotembea ndivyo inavyoisha. Anodi ya risasi ina tabia tofauti. Ikifanya kazi mfululizo, katika maji safi na mkondo uliotulia, huishi miaka. Ikisimamishwa na kuanzishwa, ikisimamishwa na kuanzishwa, hufa kijana. Mambo mengine yote yanayoidhuru, na ni mengi, yanapita mlango huo huo wa kuvurugwa kwa gamba linaloilinda.

Tuingie ndani ya jengo la elektrolisisi. Kuna safu za matangi marefu ya zege, ambayo mafundi huyaita seli. Katika kila seli mabamba yananing'inizwa kwa kupokezana: anodi, kathodi, anodi, kathodi, hadi mwisho, na anodi huzidi kwa moja ili kila uso wa kathodi uwe na wa kutazamana nao. Seli ya kiwanda cha kisasa ikiwa na kathodi 60 itakuwa na anodi 61. Katikati yake unapita myeyusho wa bluu, wenye gramu 35 hadi 50 za shaba katika kila lita, pamoja na gramu 160 hadi 200 za asidi ya salfuriki, asidi ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Joto lake ni nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi. Mkondo wa umeme unaokwenda upande mmoja tu huingilia kwenye anodi, huvuka maji, na kutokea kwenye kathodi, ukiiacha shaba imeganda juu ya bamba.

Hesabu ya shaba hiyo haina ubishi tangu Michael Faraday alipoweka kanuni zake miaka ya 1830. Ampea moja ikipita kwa saa moja huweka gramu 1.186 za shaba. Seli yenye ampea 36,000, kama hasara ni asilimia kumi, hutoa zaidi ya kilo 900 kwa siku. Ni kazi kubwa, na nusu yake inafanyika upande ambao hakuna anayeutazama. Kwenye anodi, maji yanapasuliwa: oksijeni inatoka kwa mapovu, asidi inabaki. Mapovu hayo yakipasuka juu ya uso wa seli hurusha ukungu wa asidi unaokereketa koo, na ndiyo sababu wafanyakazi huvaa barakoa na seli hufunikwa kwa vijipira vya plastiki au mikeka.

Ukiipa metali nyingi kazi hii, zitayeyuka zote. Chuma hakitafika jioni. Shaba yenyewe itarudi kwenye maji ilikotoka. Risasi hustahimili kwa sababu inapoanza kuliwa, kile kinachotokana na kuliwa kwake huigandamia na kuikinga. Kwanza hutokea salfeti ya risasi, nyeupe, isiyoyeyuka katika asidi. Volti zikiendelea kuisukuma, salfeti hiyo hugeuka kuwa dayoksaidi ya risasi, gamba la kahawia karibu na nyeusi ambalo, tofauti na kutu nyingi, hupitisha umeme vizuri. Kuanzia hapo gamba ndilo linalofanya kazi, na risasi iliyo nyuma yake inabaki kulishikilia tu.

Gamba hilo halijengwi kwa siku moja. Anodi mpya inahitaji wiki kadhaa, pengine miezi, ndipo gamba lake likomae: liwe gumu, jembamba, limeshikamana. Katika kipindi hicho chembe za risasi hubanduka kwa wingi na kunaswa na shaba inayokua upande wa pili. Hilo ni tatizo la fedha moja kwa moja, maana kathodi ya daraja la juu kabisa katika Soko la Metali la London hairuhusiwi kuwa na risasi zaidi ya sehemu 5 katika milioni. Mwenye kiwanda aliyebadilisha anodi nyingi kwa mpigo mmoja hujikuta anauza shaba yake kwa punguzo. Anodi iliyopita utoto wake salama na kutunzwa hukaa miaka mitano, na zaidi. Iliyosumbuliwa haimalizi mitatu.

Sasa zima umeme.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alizamisha mabamba mawili ya risasi ndani ya asidi ya salfuriki, akayapitishia umeme, kisha akaona kwamba akiuondoa umeme ule, mabamba huanza kuurudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa betri ya kwanza duniani iliyoweza kuchajiwa tena, na jamaa yake wa karibu ndiye yuko chini ya boneti ya gari lako. Bamba moja lilikuwa na dayoksaidi ya risasi, la pili risasi tupu, katikati asidi. Itazame tena anodi yetu: juu yake dayoksaidi ya risasi, chini yake risasi tupu, na asidi imepenya kwenye vitundu vya gamba. Betri nzima imo ndani ya bamba moja, na ncha zake mbili tayari zimegusana. Mkondo wa kiwanda unapokuwepo, betri hiyo imeshikiliwa isijimalize. Mkondo ukiondoka, inaanza kujimaliza papo hapo. Gamba la kahawia linarudi kuwa salfeti nyeupe, na risasi ya chini nayo inageuka salfeti. Vyote viwili vinaliwa kwa pamoja.

Salfeti hiyo ina kasoro ya umbo. Kwa kiasi kile kile cha risasi, huchukua nafasi karibu mara mbili ya dayoksaidi iliyoizaa. Gamba linavimba, linapasuka, linaachia. Umeme ukirudi, salfeti inageuzwa tena dayoksaidi, lakini safari hii inakuwa ya unga, haina mshiko, na mapovu ya oksijeni yanaibandua kama yanavyoikuta. Mahali palipobaki wazi panajijengea gamba jipya, na malighafi ya gamba jipya ni risasi ya bamba lenyewe, hakuna nyingine. Hapo ndipo unene unapokwenda. Anodi ya milimita 6 haiishi kwa sababu ya oksijeni iliyotoa. Inaisha kwa sababu ya magamba iliyolazimika kujenga upya.

Katizo moja refu lina madhara yake, lakini mfululizo wa makatizo ni mbaya zaidi, kwa kuwa gamba halipewi nafasi ya kukomaa. Anodi inakuwa mpya kila wiki, kwa maana mbaya ya neno hilo: inarudishwa kwenye utoto wake wa kumwaga risasi.

Katanga, eneo la Kongo lenye Kolwezi, Likasi na Fungurume, inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi duniani, kwa sababu historia ya elektrolisisi yake ni historia ya nguvu za umeme. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha elektrolisisi ya shaba Shituru, Likasi, mwaka 1929, na mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kuilisha umeme. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ikahamia mto Lualaba: Nzilo mwaka 1952, Nseke mwaka 1956. Kiwanda cha Luilu, Kolwezi, kikafunguliwa mwaka 1960, mwaka wa uhuru. Waliopanga mambo hayo walielewa kwamba bwawa na seli ni kitu kimoja. Mwaka 1982 ikakamilika njia ya umeme ya Inga hadi Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule: takribani kilomita 1,700 za nyaya kutoka karibu na bahari ya Atlantiki hadi Kolwezi.

Kisha yakaja yaliyokuja. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka 1991 nchi ikaingia kwenye uporaji na vurugu, na kabla muongo huo haujafika katikati uzalishaji wa mwaka ulikuwa haufiki tani 50,000. Mitambo ya umeme ikakosa vipuri kama ilivyokosa mikanda na pampu. Wawekezaji waliporudi katika miaka ya 2000 walikuta shaba ardhini na umeme pungufu, na kadiri migodi ilivyoongezeka ndivyo pengo lilivyopanuka. Umeme ukanunuliwa hata kutoka kusini, kupitia Zambia. Lakini ukame wa mwaka 2024 uliposhusha maji ya ziwa Kariba, Zambia yenyewe ikaingia kwenye mgao mkali. Mgao huo, ambao Kongo huitwa delestaji, mwenye duka huuhesabu kwa nyama iliyooza kwenye friza. Kwenye kiwanda cha shaba unahesabika kwa milimita za risasi.

Dawa inajulikana na haina siri. Ni rektifaya ndogo ya akiba, yaani mtambo wa kuufanya umeme uende upande mmoja tu, iliyofungwa kwenye jenereta ya dizeli, ambayo umeme mkubwa ukikatika hushika mara moja na kuendelea kusukuma sehemu ndogo tu ya mkondo wa kawaida. Mkondo huo hauweki shaba ya kuhesabika. Kazi yake ni kuiweka anodi upande wa chanya ili gamba lisigeuke. Nimewasikia watu wa hesabu wakiulalamikia mtambo huo kwamba unakunywa mafuta bila kuzalisha kitu. Naona wanakosea, na wanakosea kwa sababu dizeli ina ankara ya mwezi huu ilhali risasi inayobanduka itadai ankara yake baada ya miaka miwili, kwenye ukurasa mwingine wa daftari. Anodi moja ya urefu wa mita 1.1, upana wa sentimita 90 na unene wa milimita 6 ina risasi ya kilo 65 hivi. Zidisha kwa 61, zidisha tena kwa mamia ya seli. Jenereta itaonekana ndogo.

Kuna zawadi moja ambayo madini ya Katanga yalikuja nayo. Kobalti ikiwemo kwenye myeyusho, hata kidogo, miligramu 100 hadi 200 kwa lita, oksijeni hutoka kwenye anodi kwa urahisi zaidi, kwa volti pungufu, na gamba hukua jembamba na lenye mshikamano. Risasi inayoingia kwenye shaba hupungua waziwazi. Viwanda vya Chile hununua salfeti ya kobalti na kuitia kwenye seli zao kwa kusudi hilo tu. Katanga, ambako kobalti na shaba hulala katika mwamba mmoja, kobalti iliingia kwenye seli za Shituru na Luilu bila kualikwa, kwa sababu maji yaliyoyeyusha mwamba yalipelekwa kwenye elektrolisisi pamoja na vyote vilivyomo.

Viwanda vipya havifanyi hivyo. Kati ya mwamba na seli kuna hatua ya uchujaji: maji yenye madini huchanganywa na mafuta mepesi yenye kemikali inayoishika shaba na kuviacha vingine. Shaba huvuka ikiwa safi, na kobalti hubaki ng'ambo kungojea njia yake yenyewe. Ni hatua nzuri sana kwa ubora wa shaba. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba kiwanda kilichojengwa juu ya utajiri mkubwa wa kobalti kuliko wote duniani inabidi kiipime kobalti kwenye seli zake na kuiongeza, sawasawa na kiwanda kilichoko jangwani Atacama. Kila mara sehemu ya myeyusho inapomwagwa ili kupunguza uchafu, kobalti huondoka nayo. Asiyeirudisha ataona risasi imepanda kwenye vipimo vya kathodi, na ataanza kulaumu anodi.

Adui aliyekuja pamoja na zawadi hiyo ni manganizi. Nayo imo kwenye miamba ya Katanga, na ingawa uchujaji huiacha nyuma, matone ya maji machafu hunaswa ndani ya mafuta na kuvuka nayo. Ikifika kwenye anodi inafanya mambo mawili. Sehemu yake huganda kuwa dayoksaidi ya manganizi, ukoko mweusi unaonenepa juu ya gamba la risasi. Ukoko huo hauna mshiko wa kudumu. Ukifikia unene fulani huanguka kwa uzito wake, na hauanguki peke yake, huondoka na gamba uliloshikana nalo. Sehemu ya pili husukumwa mbele zaidi na kuwa pamanganeti, ile rangi ya zambarau ambayo wengi waliiona shuleni kwenye chupa ya maabara. Seli ya bluu ikianza kuvuta kwenye zambarau, msimamizi mwenye akili huacha chakula. Pamanganeti ikirudi kwenye hatua ya uchujaji huichoma ile kemikali ya kushika shaba, na kemikali hiyo ni ghali.

Kinga ya kwanza ni kuyaosha mafuta vizuri kabla hayajaukaribia myeyusho wa seli. Ya pili inashangaza mtu asiyeizoea: ni kuacha chuma kilichoyeyuka kiwepo kwenye myeyusho kwa makusudi. Chuma hicho huivunja pamanganeti kabla haijajikusanya, na wengi hulenga chuma kizidi manganizi kwa takribani mara kumi. Lakini chuma nacho hula mkondo. Kikifika kwenye kathodi hukopa umeme ambao ungeweka shaba, kikirudi kwenye anodi huurudisha, na mzunguko huo hauzalishi kitu. Kwa hiyo msimamizi anapima kati ya hasara mbili kila siku, na hakuna jibu la kudumu kwa sababu mwamba wenyewe hubadilika kutoka shimo moja la mgodi hadi lingine.

Yapo mazingira ambamo manganizi hukaribishwa. Katika elektrolisisi ya zinki, anodi za risasi zenye fedha kidogo huvikwa ukoko wa manganizi na kulindwa nao, na wenye viwanda huhakikisha manganizi haikosekani kwenye maji yao. Kolwezi iliwahi kuwa na kiwanda cha zinki kilicholishwa na madini ya Kipushi, mwendo mfupi kutoka seli za shaba. Mtu aliyehama kutoka kiwanda kimoja kwenda kingine alilazimika kugeuza mazoea yake juu chini. Nalitaja hili kwa sababu napenda wasomaji wasibebe orodha ya vitu vibaya vichwani mwao. Ubaya wa kitu unategemea maji ambamo kitu hicho kimo, na anodi iliyo karibu nacho.

Hata kuuondoa ukoko ni hatari. Nyundo na patasi ya chuma huondoa ukoko na gamba kwa pamoja, na zaidi ya hapo hukwaruza risasi, ambayo ni laini kiasi cha kuchorwa kwa ukucha ikiwa safi. Maji ya msukumo wa wastani na kikwaruzo cha plastiki hufanya kazi kwa heshima zaidi. Wanaofanya usafi huo wanastahili glavu nzima, barakoa nzima na maji ya kuoga mwisho wa zamu, kwa sababu tope linalodondoka chini ya seli limejaa risasi katika sura ya unga.

Shoti ni kifo cha haraka. Shaba ikikua vibaya kwenye kathodi hutoa vinundu, vinundu hurefuka kuelekea anodi, na siku vinapoigusa, mkondo wote wa jirani hukimbilia hapo. Bamba hupata moto mahali pamoja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na hulegea mapema zaidi. Anodi hupinda, na anodi iliyopinda husogelea kathodi ya upande wa pili na kuanzisha shoti nyingine. Ndiyo maana vibanio vya plastiki hupachikwa kuzitenganisha, na wafanyakazi hupita juu ya seli wakiwa na kamera za kuona joto au kipima sumaku, wakitafuta bamba linalokunywa umeme kuliko wenzake. Ung'oaji wa kathodi kila wiki nao una majeraha yake: kreni ikiyumba, kathodi hukwangua anodi inapotoka. Kloraidi iliyoyeyuka ikizidi hulenga zaidi upande wa pili, mabamba ya chuma cha pua ambayo shaba huwekwa juu yake tangu mtindo huo uanzishwe Australia mwaka 1978. Huyatoboa vishimo, na shaba ikiingia kwenye vishimo haibanduki tena. Na juu kabisa, mahali mhimili wa anodi unapokaa kwenye baa ya shaba, chumvi ya bluu ikiachwa igande, mkondo hupita kwa shida na mhimili huungua.

Gharama ya uzembe huo haionekani kwa macho lakini hupimika. Seli ya kawaida hutumia volti 2 hivi, sawa na takribani kilowati-saa 1,900 kwa kila tani ya shaba. Anodi zilizopinda, zenye ukoko na mihimili michafu zikiongeza sehemu moja ya kumi ya volti, kila tani itadai kilowati-saa 94 zaidi. Kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka kitakuwa kimechoma kilowati-saa milioni 9 na kitu bure, katika nchi ambayo umeme hauwatoshi watu wake. Anodi mbovu huufanya uhaba wa umeme uwe mkubwa zaidi, na uhaba wa umeme huzidisha anodi mbovu.

Mafundi wa metali wamejitahidi upande wao. Chuquicamata, kule Chile, ilipoanza mwaka 1915 ilijaribu anodi za magnetiti, ambazo hazikuliwa sana lakini zilivunjika upesi, kabla ya kuhamia risasi iliyochanganywa na antimoni. Leo viwanda vingi hutumia risasi yenye kalsiamu chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia na bati kama asilimia moja na nusu. Kalsiamu huipa ugumu, bati huliwezesha gamba kupitisha umeme na hupunguza kuliwa. Bamba lililopitishwa kwenye rola hushinda lililomiminwa tu kwenye kalibu, kwa kuwa chembe zake zimebanwa na mashimo ya hewa yamefungwa. Asidi haipati njia ya kuingia ndani. Ninayemshauri kununua anodi humwambia aulize kwanza jinsi ilivyotengenezwa, kisha ndipo aulize bei.

Wapo wanaosema tuachane na risasi kabisa. Mholanzi Henri Beer, katika miaka ya 1960, aliweka oksaidi ya rutheni juu ya titani, na kampuni ya De Nora ya Italia ikaipeleka kwenye viwanda vya klorini, ambako anodi za grafiti zilikuwa zikiungua na kupungua siku hadi siku. Kwa shaba, ambako kinachotoka ni oksijeni, hutumika oksaidi ya iridi na tantali juu ya matundu ya titani. Volti hushuka, tope la risasi hutoweka, shaba inakuwa safi. Ni anodi bora, na bado ina kifo chake. Titani nayo hujenga gamba, ila la kwake halipitishi umeme. Asidi ikipenya chini ya rangi ya iridi na kuifikia titani, anodi huzimika ikiwa bado nzima kwa macho. Shoti moja huunguza eneo ambalo halirekebishiki pale kiwandani. Floraidi huila titani yenyewe. Na iridi huchimbwa tani chache tu kwa mwaka duniani kote, nyingi zikitoka Afrika Kusini, kwa hiyo bei yake haimsubiri mtu. Katika kiwanda ambacho umeme umetulia na maji ni safi, ningeichagua. Katika kiwanda cha delestaji na shoti za kila siku ningebaki na risasi mpaka hayo mawili yapone.

Limebaki swali la mwili wa marehemu. Anodi iliyoisha bado ina makumi ya kilo za risasi, na risasi huyeyushwa ikatumika tena, jambo ambalo ni jema likifanywa kwenye tanuru lenye vichujio. Lisipofanywa hivyo, tuna mfano wetu pwani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi jirani na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kati ya mwaka 2007 na 2014. Risasi iliingia kwenye udongo, kwenye vumbi la nyumba na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na kesi yao ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Betri na anodi ni risasi ile ile. Kila anodi iliyokufa miaka miwili kabla ya siku yake ni kilo nyingine zilizopelekwa mapema kwenye tanuru la mtu, na ndoo nyingine ya tope iliyosombwa na mfanyakazi kutoka chini ya seli.

Kwa hiyo kwa wanaosimamia seli hizi, Kolwezi hadi Ndola, ombi langu ni la vitendo. Wekeni rektifaya ya akiba kabla ya kuongeza seli mpya, na muijaribu kila mwezi. Pimeni kobalti na manganizi kwa ratiba ile ile mnayopimia shaba. Andikeni kwa kila seli ni mara ngapi mkondo umekatika, kwa sababu idadi hiyo ndiyo umri halisi wa anodi. Na mkisaini mkataba wa kununua anodi mpya, andikeni ndani yake, kwa jina na mahali, tanuru litakaloyeyusha zile za zamani.